Siku Nilipomzaa Mama Mkwe

Kila mwanamke niliyemuuliza aliniambia kwamba nitasahau. Nilimuuliza jirani wa mlango wa pili pale mtaani kwetu Gatitu, mama wa watoto wanne, akacheka na kusema nitasahau. Nikamuuliza mteja aliyeleta sketi ya binti yake ipanuliwe kiuno, naye akasema uchungu wa kuzaa ni wa siku moja tu, ukimwona mtoto yote yanaisha. Sista wa kliniki, ambaye hakuwa na muda wa kuongea na mtu, alipata muda wa kuniambia hivyo hivyo. Walisema kwa upole, wakinishika bega, na kila nilivyoshikwa bega ndivyo nilivyozidi kukasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mimba ilizisogeza karibu zaidi. Nilijiuliza, kama wote wamesahau, basi hizi habari wanazonipa wanazitoa wapi?

Ndipo nikaamua kuandika. Sikuwa na jambo kubwa la kuwaambia watu. Nilitaka tu pawe na mwanamke mmoja, hata kama ni mimi peke yangu, anayejua ilikuwaje bila kutiwa sukari. Nikajiwekea sharti moja: nitaandika kilichotokea, na sitarudi nyuma kukirekebisha ili nionekane mtu mwema.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili mjini Nyeri, katika chumba chembamba nyuma ya duka la mbegu, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Karatasi nilizo nazo ni zile za kaki tunazochorea mitindo, kwa hiyo nilitumia hizo. Nilikata kipande kikubwa kama mgongo wa shati la mwanafunzi wa sekondari, nikakikunja, nikakitia katika mkoba wa hospitali pamoja na pamba, leso, beseni na soksi. Penseli nilichukua ileile ya kazi. Mume wangu aliniona nikiipakia, akaniuliza kama nitakuwa nashona huko. Nikamwambia afunge zipu.

Uchungu ulinianzia kazini, katika wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Anayeijua kazi hii ataelewa kwa nini sikwenda nyumbani. Wazazi wa nchi hii wana likizo nzima ya kuleta vipimo vya watoto wao, na wote huja wiki hiyo moja, wakiwa na haraka, kana kwamba habari za shule wamezisikia asubuhi ile redioni. Mlangoni palikuwa na foleni. Nikauma meno, nikaendelea kushona.

Kliniki walikuwa wamenifundisha kupima muda kati ya uchungu mmoja na mwingine. Simu yangu ilikuwa inalia ovyo, watu wakiuliza sweta ziko wapi, nikaitupa chini ya vitambaa nikasahau ilipo. Kwa hiyo nikapima kwa kazi. Mwanzoni, uchungu ukiniachilia, niliweza kumaliza kola nzima, kuigeuza na kuipiga pasi kabla haujarudi. Nikaandika kwenye karatasi yangu: Kola. Mchana ikawa siwezi kola tena, naweza mfuko wa kifuani. Nikaandika: Mfuko. Jioni ilipoanza kuingia na ukungu kushuka barabarani, nilikuwa siwezi kumaliza zaidi ya kifungo. Nikaandika: Kifungo. Na chini yake: Mgongo unakatika. Huyu mama wa sweta mbili akirudi tena namrushia mkasi.

Hakurudi. Aliyekuja ni mume wangu, na aliponiona nimeushika ubao wa meza kwa mikono miwili akafunga duka.

Hospitalini sista alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na mikono ya upole. Aliniuliza uchungu unakuja baada ya muda gani.

"Kifungo kimoja," nikasema.

"Kifungo ya nini?"

"Ya shati. Kama uzi uko tayari kwa sindano."

Alinitazama, akamtazama mume wangu, akacheka hadi akaegemea mlango. Halafu akanipima. "Kumbe umefunguka nusu. Ungezalia kwa cherehani, mama, tukuitie fundi akukate uzi."

Nusu. Nilifurahi kusikia nusu, nikadhani iliyobaki itakuja haraka. Kumbe pale kwenye nusu ndipo nilipopangiwa makao. Jua lilichwa nikiwa nusu, likachomoza nikiwa nusu na kidogo. Sitaeleza usiku mzima maana karatasi yenyewe haielezi, ina maneno machache tu, na mwandiko wake unateremka pembeni. Baridi. Kiu. Wameniambia nitembee, natembea. Mwanamke wa kitanda cha dirishani anaimba nyimbo za kanisa. Anyamaze. Halafu, baada ya nafasi pana ambayo sikumbuki niliipitisha vipi: Amezaa. Amenyamaza. Bora angeendelea kuimba.

Nilikuwa sijawahi kuchoka. Nilidhani nimewahi, nikishona hadi macho yanaona uzi mahali hakuna uzi, lakini ule ulikuwa uchovu wa kulala na kuamka. Huu wa hospitali ulinitoa ndani ya mwili wangu ukaniweka kando, nikawa nasikia mtu akipiga kelele na kumwonea aibu, kisha nagundua ni mimi. Sista wa jioni alikwenda nyumbani, akaja mwingine, kijana, naye akaniita "mum" na kuniambia nisukume. Nilisukuma. Akasema bado. Nikamwambia asukume yeye.

Mtoto alitoka mchana, jua likiwa juu ya madirisha. Nilisikia kilio. Yule sista kijana akamnyanyua, akamleta karibu na uso wangu, akasema, "Ni msichana, mum. Muone."

Yafuatayo niliyaandika siku ileile, nilipopata nguvu ya kushika penseli, na ninayanukuu yalivyo. Wamenionyesha mtoto. Nimesema wampe mtu mwingine. Nimegeukia ukutani. Ukuta ni wa kijani. Sikusikia furaha, sikusikia kitu. Nimechoka.

Sista hakunilaumu. Alisema tu, "Haya, mum, lala," akamfunika mtoto na kwenda naye. Sikusahau chochote. Wale wanawake wote walikuwa wamenidanganya, na nililala nikiwa na hasira nao.

Mume wangu alikuwa amesimama nje, karibu na geti, pamoja na wanaume wengine waliokuwa wakitazama simu bila kuzisoma. Alipoambiwa, mtu wa kwanza aliyempigia ni mama yake, shambani kwao upande wa Kutus. Hakumwambia amepata mjukuu. Alimwambia, "Mama, umezaliwa."

Hapo inabidi nieleze kidogo. Wazazi wangu walikuja Nyeri kwa kazi, kila mmoja na kabila lake, na nyumbani tulibaki na Kiswahili kwa sababu ndicho walichokuwa nacho wote wawili. Jina kwetu lilikuwa jina. Mume wangu ni Mgikuyu, na kwao binti wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa baba. Hilo nilikuwa nalijua tangu uchumba, na sikuwa na neno. Ambalo sikuwa nimelielewa ni kwamba hawasemi mtoto ameitwa kwa jina la nyanya yake. Wanasema ndiye yeye. Amerudi akiwa mdogo, na yule mkubwa bado yupo, anakunywa chai. Kwa hiyo mimi, niliyekwenda hospitalini kuzaa mtoto, nilirudi Gatitu nikiwa nimemzaa mama mkwe.

Mama mkwe alifika siku chache baadaye. Mama yangu mzazi alikuwa Kitale, walikohamia baadaye, akimuuguza baba, kwa hiyo wa kunitunza alikuwa yeye. Alishuka na kuku hai ndani ya kikapu, mkungu wa ndizi za kupika, unga wa wimbi, na mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi ambayo mwanamke aliyejifungua hulishwa hapa hadi aombe radhi. Ni mwanamke mrefu, mwenye mgongo ulionyooka licha ya miaka mingi ya kuuza nyanya soko la Kagio. Alinawa mikono, akamchukua mtoto, akampeleka dirishani penye mwanga.

"Ati huyu ndio mimi?" akasema. "Kumbe nilikuwa mweupe hivi. Na niko na nywele mingi."

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa upande upande kwa sababu ya nyuzi nilizoshonwa hospitalini. "Asante, maitu," akasema. Maitu ni mama yangu, kwa Kigikuyu. Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Aliniita hivyo kila siku aliyokaa kwangu, na mimi nikimwita Mama, nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa imejaa akina mama.

Sijui kama nilimpenda siku hizo. Nilimhitaji, na mtu unayemhitaji asubuhi hadi jioni huwezi kumpima vizuri. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ukungu haukutoka mlangoni, nepi za kitambaa zilianikwa juu ya kamba karibu na jiko na zilinuka moshi. Matiti yangu yaliuma. Mtoto alinyonya na kulia, akalia na kunyonya. Kutoka jikoni mama mkwe aliuliza, "Nimeshiba? Mbona mnaniacha nikilia?" Siku moja nikiwa namsafisha mtoto matako kwa mara ambayo sikuihesabu tena, akapita nyuma yangu na kuniambia nisimsugue sana, ngozi yake imekuwa nyepesi tangu zamani. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuwa na nguvu ya kuchagua.

Mtoto akilala, nilitoa ile karatasi ya kaki, nikakaa kitandani na kujaza mapengo yaliyobaki nikiwa bado nakumbuka. Nilijaza mlio wa beseni la chuma. Nilijaza sauti ya yule mwimbaji. Mama mkwe alinitazama akichambua njahi na hakuuliza.

Jumamosi moja walikuja wanawake wa kanisani kwa jirani, na wengine wa chama changu cha sokoni, kumwona mzazi kama desturi ilivyo. Walikuja na sukari, unga, supu katika chupa za chai. Mlangoni walipiga vigelegele vitatu, maana ni msichana. Mvulana angepigiwa vitano, na hilo pia lilinikera, nikawa mtu wa kukereka na kila kitu. Wakala, wakaimba, wakamrusharusha mtoto mikononi. Halafu mmoja akaniuliza kwa sauti ya wote, "Na sasa umesahau, ama?" Wakacheka wakingoja jibu. Nilitazama kikombe changu hadi wakahamia mambo mengine.

Walipoondoka, mama mkwe akaosha vyombo. Aliongea akiwa amenipa mgongo.

"Mbona hukuwajibu?"

"Kwa sababu sijasahau, Mama."

"Ndio unaandikaga?"

"Ndiyo."

Akafuta mikono, akaja akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. "Hiyo karatasi yako," akasema, "iko na vile nilizaliwa?"

Ilinichukua muda kuelewa anamaanisha nini. Alipoona sijaelewa, akamgusa mtoto mguu. "Mimi," akasema. "Huyu."

Nikamwambia ndiyo, ndimo alimo.

"Unisomee siku moja. Mimi sijui vile nilizaliwa. Najua tu mwisho yake."

Akaniambia ule mwisho. Nauweka hapa kwa maneno yangu, maana yeye aliusema kwa vipande, akiinuka mara kwa mara kutazama sufuria. Alizaliwa siku za hali ya hatari wakati wa ukoloni, yeye husema emajensi, watu wakiwa wametolewa mashambani mwao na kukusanywa katika vijiji vyenye walinzi. Wanawake walitolewa kila asubuhi kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, ili wapiganaji waliojificha ndani ya msitu wasipate chakula kutoka nje. Mama yake alizaa katika kibanda cha kijiji hicho, akisaidiwa na dada yake. Mtoto alipotoka, dada akamwonyesha. Mama akageukia ukutani. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekufa, bila kumtazama mtoto.

Yule dada, ambaye mama mkwe humwita tata, kama Wagikuyu wanavyomwita dada wa mama, ndiye aliyemlea. Hakuwa mtu mbaya, mama mkwe alisema, alimlisha na kumvisha. Lakini akivunja kikombe, au akichelewa mtoni, tata alikuwa na neno moja. "Ndio maana mama yako alikuangalia akakataa." Na yeye, mtoto, akajua kwamba alikataliwa siku ya kwanza, na kwamba mama yake aliona afadhali afe kuliko amtazame.

"Nimezaa saba," akasema. "Nimezika bwana. Nimejenga nyumba ya mawe. Lakini hiyo kitu hainitoki. Sasa nimezaliwa tena, nataka kujua kama hii mara nilitakwa."

Akaenda jikoni kuponda ndizi na njahi. Mimi nilibaki nimeshika ile karatasi, na ukuta wa kijani ulikuwa ndani yake.

Nilianza kuahirisha. Nilimwambia nitamsomea kesho, leo nimechoka, na haikuwa uongo. Kesho nikasema kichwa kinauma. Keshokutwa nikasema mwandiko ni mbaya, nausafisha kwanza. Hakunisukuma. Alipika, akafua, akamkanda mtoto mafuta, akaniletea uji wa wimbi kabla sijaomba. Kila alipoweka kikombe mbele yangu aliitupia karatasi jicho, kisha akarudi jikoni. Nilianza kumkwepa ndani ya vyumba viwili, na anayeweza kumkwepa mtu ndani ya vyumba viwili ana kazi.

Halafu akasema maharagwe yake shambani yamekauka na mvua itayaharibu, ataondoka kesho yake.

Asubuhi ile alipokuwa bafuni, nilitandaza karatasi kitandani nikachukua mkasi. Ilikuwa rahisi sana. Mstari wa ukuta ulikuwa karibu na ukingo wa chini. Ningepitisha mkasi mara moja, kama ninavyopunguza pindo, na hakuna mtu angejua palikuwa na kitu. Ningemsomea vifungo, ningemsomea mwimbaji, ningefika kwenye kilio cha mtoto na kusema nilifurahi, machozi yakanitoka, nikamkumbatia. Mwanamke mzee angerudi Kutus na moyo mweupe. Nani angedhurika?

Mkasi wangu ni mzito, wa chuma, unatosha kukata suruali nne kwa pamoja. Niliufungua. Nikawaza ataniuliza kama nilifurahi, nitasema ndiyo, na mkono wangu utakuwa begani mwake. Hapo nikajiona nimekuwa mmoja wao. Mwingine wa kumwambia mwenzake ukimwona mtoto yote yanaisha. Hasira ilinipanda, safari hii ikinielekea mimi mwenyewe, nikaufunga mkasi na kuutupa ndani ya sanduku la nyuzi. Lakini niliogopa. Niliogopa zaidi kuliko nilivyoogopa kwenda kuzaa.

Alitoka bafuni akavaa nguo zake za safari mapema, na kitambaa kizuri cha kichwani, kile cha kanisani. Akakaa kwenye kigoda na mtoto mapajani, mgongo umenyooka, kama anayepigwa picha.

"Soma, maitu," akasema. "Na usinidanganye. Nitajua."

Nikasoma. Nilianzia kola. Nilipofika kifungo na yale maneno ya sista, alicheka hadi mtoto akashtuka. Alitaka kujua zilikuwa sare za shule gani. Aliposikia usiku ule wa nusu, akaacha kucheka. "Kumbe nilikusumbua hivyo," akasema. "Pole, maitu." Alimhurumia yule mwimbaji, akasema nilikuwa na roho mbaya. Nikakubali. Kisha nikafika kwenye kilio, kwenye "muone", na sauti yangu ikapungua, lakini nilisoma kila neno. Wampe mtu mwingine. Nimegeukia ukutani. Ukuta ni wa kijani. Sikusikia furaha, sikusikia kitu. Nimechoka.

 Maji yalichemka jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Ukageuka," akasema.

"Niligeuka, Mama."

"Ni kwa sababu hukunitaka?"

"Hapana."

"Ni nini, basi?"

Nilitafuta jibu kubwa zaidi, kwa sababu alistahili jibu kubwa. Sikulipata. "Nilikuwa nimechoka," nikasema. "Hakukuwa na kitu kingine ndani yangu. Hata ningeletewa nani, ningegeuka."

"Kuchoka tu."

"Kuchoka tu."

Alimtazama mtoto, akaurekebisha ukingo wa blanketi ambao haukuwa na shida. "Na mimi nikabaki na nani?"

"Sista alikushika. Mimi nikalala."

"Halafu?"

"Halafu nikaamka."

"Imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa."

"Soma hiyo."

Ulikuwa mstari wa mwisho kabisa, chini ya ule wa ukuta, na ningeukata pamoja nao. Sikuwa nimeutilia maanani. Nikausoma: Nimeamka. Nimewaambia waniletee mtoto wangu. Wanachelewa.

Aliniomba niurudie, nikaurudia. Midomo yake ikaenda kama ya mtu anayejaribu neno geni. Alipoongea, hakuwa akiongea nami hasa.

"Siku hiyo yangu," akasema, "alikuwa ametoka kuchimba handaki. Tata aliniambia hata hiyo. Ati alichimba mpaka jioni, akatembea akarudi, akazaa. Aliniambia hiyo kila mara. Lakini mimi nilikuwa nasikia tu ya ukuta." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Alichimba siku mzima na mimi nikiwa tumboni. Huyo alikuwa amechoka."

"Alikuwa amechoka, Mama."

"Ni vile yeye hakuamka."

"Hakuamka."

"Angeamka," akasema, "angeniitisha."

Nikamwambia angemwitisha, na angelalamika kwamba wanachelewa. Hapo akalia. Alilia waziwazi, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, kitambaa cha kanisani kichwani, na mimi nikalia naye kwa sababu nilikuwa nimelemewa na kwa sababu, nadhani, nilikuwa nimeanza kumpenda bila kujua ni siku gani. Mtoto alitutazama kwa zamu, kisha akaanza kulia yeye pia.

Mama mkwe ndiye aliyenyamaza kwanza. Alimweka mtoto begani, akainuka, akaanza kutembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni. Nikamkumbusha kwamba atachelewa gari. Akasema magari ya Kutus hayaishi, na maharagwe yamengoja, yangoje.

"Wewe lala, maitu," akasema. "Macho yako imeingia ndani. Huyu nitamshika."

Nilitaka kukunja karatasi kwanza, lakini mikono ilikataa, nikaiacha juu ya blanketi. Nikajilaza upande ambao nyuzi hazikuuma, na upande huo ni wa kuelekea ukutani. Nikakumbuka kwamba yuko nyuma yangu na nikataka kugeuka, nimwombe radhi, nikashindwa hata hilo. Mkono wake ulinivutia blanketi hadi begani. Nyuma yangu nikamsikia akimwambia mtoto, polepole, akimpigapiga mgongoni:

"Nyamaza. Mama yetu amechoka tu. Ataamka."